Milimita Tisini na Nne

Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, shangazi yangu alitoka uani akiwa na daftari kwapani na bilauri ya kupimia mkononi. Kipimamvua chake kilisimama katikati ya ua, mbali na kuta na miti. Kilikuwa mkebe wa bati wenye mdomo wa faneli, na ndani yake chupa. Shangazi alikifungua, akamimina maji ya chupani kwenye bilauri, akainama mpaka macho yake yakawa sawa na maji, akasoma, akaandika. Kama mvua haikunyesha, aliandika sifuri. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili, tangu alipokuwa bado mkunga pale zahanati. Kila mwisho wa mwezi fomu aliyoijaza, iliyokaa ndani ya daftari hilo, ilipelekwa kwa watafiti wa hali ya hewa.

"Shangazi, kuandika sifuri nako ni kazi?" nilimtania siku moja.

"Ni kazi, tena nzito," alijibu bila kuinua kichwa. "Maana yake nimetoka, nimefungua, nimeangalia, hakuna. Haya, kalete kitambaa tufute faneli. Na usiniambie sekunde moja."

Alisema hivyo kwa sababu nyumbani na mtaani waliniita Sekunde. Si kwamba nilikuwa mwepesi. Kila nilipoitwa nilijibu, "Sekunde moja tu!" na sekunde hiyo ilitosha mtu kupika chai, kuinywa na kuosha kikombe.

Likizo ile shangazi alikwenda kufanyiwa upasuaji wa macho. Angekaa kwa binti yake wiki tatu ili apone vizuri. Kabla ya kuondoka alinikabidhi daftari kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

"Nakuachia wewe, mwanangu. Mama yako anatoka alfajiri kwenda kuoka mikate, hawezi. Saa tatu. Siyo saa tatu na robo."

"Nitapima, shangazi. Nenda ukapone."

Siku kumi za kwanza sikukosa hata moja. Ulikuwa mwezi wa kiangazi, mwezi ambao hata vyura huwa wamehama. Sifuri, sifuri, sifuri. Ndipo timu yetu ya netiboli ikaalikwa kwenye mazoezi ya siku tatu, ng'ambo ya pili ya mji, nyuma ya kilima. Tungelala huko huko shuleni.

"Sekunde akichelewa gari tunamwacha!" nahodha wetu alitangaza, na wenzangu wakaangua kicheko. "Tena tukimwacha, tutafunga mabao zaidi!"

Nilitaka sana kwenda. Jumanne asubuhi nilipima, nikaandika sifuri. Kisha nikaitazama anga. Ilikuwa nyeupe na kavu kama sahani iliyofutwa. Nikachukua kalamu nikaandika sifuri za Jumatano, Alhamisi na Ijumaa papo hapo.

"Na kipimo cha shangazi yako?" mama aliniuliza nikiwa nimeshabeba begi.

"Nimeshakipangia, mama, usijali," nikajibu, nikatoka mbio.

Nilirudi Ijumaa adhuhuri nikiwa na furaha, kwa maana tulishinda mechi mbili. Lakini nilipokata kona ya mtaa wetu, miguu ilizama kwenye tope. Matope yalikauka ukutani hadi usawa wa kiuno changu. Karibu na bomba kubwa linalopitisha maji chini ya barabara, fundi cherehani, mama wa makamo, alikuwa ameanika vitambaa juu ya ua mzima. Cherehani zake tatu zilikuwa juani, zimevuliwa mikanda.

"Shikamoo, fundi. Kumetokea nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kwani wewe ulikuwa sayari gani?" Alicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. "Jumatano alasiri mbingu ilipasuka. Maji yaliingia dukani yakanifika magotini. Sare za watoto wa shule, arobaini nzima, nimezifua mara tatu na bado zina rangi ya chai."

Nyuma ya kilima tulikokuwa, hakukudondoka hata tone.

Nilikimbia hadi uani. Kipimamvua kilikuwa kizito. Chupa ilijaa pomoni na maji mengine yalimwagikia ndani ya mkebe, kama ilivyotakiwa mvua ikiwa kubwa. Bilauri yetu hupima milimita kumi tu kwa wakati mmoja, basi nilijaza na kumwaga, nikihesabu kwa sauti. Mara tisa, na zikabaki nne. Milimita tisini na nne! Na kwenye fomu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, palikuwa na sifuri tatu zilizonitazama kama macho.

Mama alichungulia dirishani. "Afadhali umerudi. Mtafiti amepiga simu, yuko njiani. Anataka kujua dhoruba ya Jumatano peke yake ilileta maji kiasi gani, maana jana jioni pia mvua ilinyunya. Nimemwambia asiwe na shaka, mwanangu aliacha amepanga, hakuna siku iliyokosa kupimwa."

Alisema "mwanangu" kwa fahari ambayo sikutaka kuiharibu.

Niliingia chumbani kwa shangazi, nikachukua fomu mpya na kunakili kila kitu kwa mwandiko safi. Dhoruba ya Jumatano niliiandikia sitini. Mvua ya Alhamisi, thelathini na nne. Jumla yake tisini na nne, nani angejua? Fomu ya zamani niliikunja nikaisukuma chini ya godoro.

Mtafiti alikuwa kijana mrefu mwenye viatu vya mpira vilivyojaa tope hadi juu. Alipoiona fomu, uso wake uling'aa.

"Asante sana, mdogo wangu! Vituo vingine vyote viko upande wa pili wa kilima, navyo havikupata kitu. Tungekuwa vipofu bila ninyi. Unajua kwamba mwezi huu, kwa miaka ishirini na miwili ya shangazi yako, haujawahi kuzidi milimita kumi na moja?"

"Kwa hiyo hali ya hewa imebadilika?" mama aliuliza, akimkaribisha kiti.

"Mvua moja haiwezi kutuambia hivyo, mama. Yaweza kuwa imetokea mara hii tu. Lakini tukiweka mwaka huu kando ya miaka yote iliyopita, hapa na kwingineko, tunaanza kuona kama mvua kubwa za ghafla zinaongezeka. Ndiyo maana kila tarakimu ina thamani." Aliitazama tena fomu, akatoa kalamu. "Sitini. Basi lile bomba la barabarani halina kosa. Lilijengwa kupitisha hata mvua ya sabini. Itakuwa taka ndizo zilizoliziba. Nitawaandikia wahandisi walisafishe tu, wasihangaike kuweka kubwa zaidi."

Akilini nilimwona fundi akizifua zile sare kwa mara ya nne, ya tano, kila mwaka. Naye mtafiti alikuwa bado ananishukuru. Angenigombeza ningevumilia. Shukrani zile zilinichoma.

"Usiandike," nikasema.

"Unasemaje?"

"Sitini niliitunga. Sikuwepo. Nilikuwa netiboli, wala sikumwachia mtu." Nilikimbia chumbani nikarudi na fomu ya chini ya godoro, nikamwekea magotini. "Hizi sifuri niliandika Jumanne, kabla ya siku zenyewe kufika. Maji nimeyapima leo, yote kwa pamoja. Tisini na nne, hiyo ni kweli. Mengine ni uongo."

Mama aliketi taratibu, mkono mdomoni.

"Ulimwaga yale maji?" mtafiti aliuliza hatimaye.

"Baada ya kuyapima. Mara tisa, na nne zaidi."

"Basi hatujapoteza kila kitu." Alisimama, akavuta pumzi. "Siwezi kukusifu kwa uliyoyafanya. Lakini nakushukuru kwa kuniambia kabla sijaondoka. Vaa viatu. Kuna njia ambayo watafiti huitumia dhoruba inapopita mahali pasipo na kipimo. Tunabisha hodi nyumba kwa nyumba, tunauliza: Jumatano mlikuwa na chombo chochote kitupu mahali pa wazi, chenye kuta zilizonyooka?"

Tulibisha nyumba kumi na mbili. Kwa seremala palikuwa na ndoo, lakini ilipanuka juu, na pia ilikuwa chini ya paa. Mwenye duka la baiskeli alikuwa na karai. "Hili nilikuwa nakogea, lina maji tangu Jumapili," alisema, nasi tukacheka licha ya uchovu. Nyumba ya kumi na tatu ilikuwa ya fundi cherehani.

"Chombo?" fundi alisema. "Mkebe wangu wa rangi, ule pale. Jumatano asubuhi niliuosha nikauacha ukauke katikati ya uwanja wa nyuma, ule ulioinuka, maji ya barabarani hayakuufikia. Jioni nilipotoka kukomba maji dukani nikaukuta una maji tele. Nikasema, jamani, wateja wangu hawataniamini! Nikachovya futi." Aliinua utepe wa kupimia uliokuwa umening'inia shingoni mwake. "Sentimita nane na nusu. Kisha nikamwaga nikaufunika."

Mtafiti alipiga magoti kwenye tope akaukagua mkebe. Kuta zilinyooka, chini palikuwa bapa, juu palikuwa wazi kabisa.

"Una hakika, mama? Nane na nusu?"

"Baba, mimi nikikosea nusu sentimita suruali haipandi. Nina hakika."

"Milimita themanini na tano," mtafiti alisema polepole. "Tisini na nne ukitoa hizo, zinabaki tisa za Alhamisi." Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nikiri, akatabasamu. "Bomba ni dogo. Wahandisi wataliona hilo kwa maandishi leo hii."

Tulipokaa kuandika, hakuniruhusu kuitupa fomu ya kwanza. Nilizikata zile sifuri kwa mstari mmoja mwembamba, ili kila asomaye aone palikuwa na nini. Kwenye Jumatano na Alhamisi niliweka kistari, alama ya kwamba siku hiyo hakuna aliyepima. Kwenye Ijumaa niliandika tisini na nne, jumla ya siku tatu. Themanini na tano ya fundi tuliiweka pembeni, na neno "makadirio" mbele yake. Chini kabisa niliweka jina langu.

Kabla ya masika bomba jipya lilishawekwa, pana kiasi cha mtoto kupita ndani ameinama. Fundi alinishonea sketi ya netiboli, bure, ingawa nilimwambia mara tatu kwamba mimi ndiye nusura nimponze. "Nusura siyo hasara," alisema, akaendelea kushona.

Lakini kabla ya hayo, shangazi alirudi. Nilimweleza yote mwenyewe kabla hajavua viatu. Alinisikiliza kwa macho yake mapya, bila kunikatiza. Kisha akaniambia nipande juu ya kiti nishushe boksi la nakala za zamani. Alipekua taratibu, akatoa fomu moja iliyogeuka njano.

"Soma," alisema.

Ilikuwa ya miaka kumi na miwili iliyopita. Tarakimu zilishuka moja baada ya nyingine, kisha katikati ya mwezi palikuwa na vistari viwili. Kando yake shangazi aliandika kwa herufi ndogo: Sikupima. Mke wa kaka amepata uchungu, namzalisha.

Niliangalia tarehe. Mtoto huyo nilikuwa mimi.

"Watafiti hawakunigombeza kwa siku hizo mbili," shangazi alisema. "Walipoziona walijua hawajui, basi. Kutojua hakumdhuru mtu, mwanangu, mradi ukiri. Kinachoangusha nyumba za watu ni kujifanya unajua. Ningejaza sifuri pale, leo usingeamini hata tarakimu moja katika boksi hili. Ungekuwa na haki."

Nilimshika mkono. Nilimshukuru kwa vistari vile viwili, na kwa ile sababu iliyoandikwa kando yake. Yeye akaitazama saa ukutani, akanisukuma begani.

"Inakaribia saa tatu. Nenda ukapime."

Sikusema sekunde moja. Nilikwenda.