Birika Juu ya Chuma

Hapana, mujukuu yangu, haikuwa kisu. Kisu ya ile mashine ilikata muzuri. Shida ilikuwa meza yake, ile chuma ya juu, kwenye ubao inapitia.

Bon. Ile mashine ya kulainisha mbao ilikuwa ya kaka yangu Amuri. Kwa uhuru patron yake, bosi ya kazi, alienda kwao, akamuachia. Kisha rebellion ikaingia, vita ya waasi. Tulivuka mto mpaka Lubunga, tukajificha mu pori. Mbele ya kukimbia, Amuri alipaka chuma mawese, akafunika mukeka.

Siku tulirudi, mawese ilikuwa imenata na vumbi. Chini yake, kutu. Na meza ya kulia, batu balikuwa bameifanya kuni! Donc ile chuma ikakuwa meza. Amuri anaweka birika yake ya kutawaza. Bibi yake Kadidja anaweka sufuria ya pondu, majani ya muhogo.

Sasa binti yao Nyota alitaka kuolewa. Kwetu, baba menuisier, fundi ya mbao, hatumi binti bila kitanda ya mikono yake. Amuri akatafuta mbao ya kambala, ule muti mugumu, akasukuma ubao. Ikakwama. Akasukuma kwa nguvu. Ubao ikaruka, mukono ikapita karibu na kisu! Na ubao yenyewe ikatoka na madoa nyeusi.

Nyota akashika ile mukono.

"Papa, acha. Nitalala ku mukeka. Hii vidole njo ilinilea."

Amuri akazima mashine. Macho yake ilijaa maji.

Jirani yetu Philomène akasikia kelele, akaingia. Marehemu bwana yake alikuwa mécanicien ya train, fundi ya gari ya moshi, kule Lubunga, na yeye alimusaidiaka.

"Ee Amuri! Mawese ni ya pondu. Ulitaka kupika mashine?"

"Usinicheke, mama. Nifanye nini?"

"Kwanza toa courant ya umeme. Usizime tu, chomoa waya. Na mikono mbali na kisu."

Amuri akachomoa. Philomène akalowanisha kitambaa na pétrole, mafuta ya taa, akatoa ile mawese iliyonata. Kisha akasugua na papier de verre laini, ile musasa, polepole, kufuata njia ya ubao, mpaka kutu ikaisha. Akapangusa mpaka kitambaa ikabaki safi.

"Sasa kata bougie, mushumaa, vidogo-vidogo mu pétrole, mbali na moto. Kesho itakuwa laini. Paka kidogo sana ku chuma, ngoja ikauke, sugua na kitambaa kavu. Na hizi vitambaa chafu, tandika inje zikauke, mbali na jiko."

"Ni yote?"

"Kila jioni toa vumbi ya mbao, inavuta maji. Ubao mubichi isilale pale. Na hii birika..."

"Birika ni ya bwana," Kadidja akasema mbio.

"Na sufuria ni ya nani?" Amuri akauliza.

Tukacheka mpaka Nyota akakaa chini.

Kesho yake tukapaka bougie. Ilipokauka na tukasugua, ubao ikapita kama pirogue, mutumbwi, ku maji, safi, bila doa. Kitanda ikaisha. Na vipande vilivyobaki, Amuri akatengeneza meza ya kulia.

Siku ya ndoa Kadidja akaleta lituma, ndizi ya kuponda, na samaki. Amuri akaingia na birika, akaelekea mashine, mazoea tu.

"Papa!"

Akasimama. Nyota akapokea birika, akamumwangia maji ku mikono, kidole kwa kidole. Yote ilikuwako. Kisha akatumwangia sisi pia, na Philomène, na mama yake.

"Bismillahi," Amuri akasema. Njo tukakaa ku ile meza mupya, wote, tukakula.