Mbwa wa Berting

Crisanto, jirani yangu hapa Manila, alinisimulia haya kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya samaki. Alikuwa ametoka kwenye matanga ya kaka yake Berting, amemchukua Suman, mbwa wa marehemu. Mbwa huyo alizoea kulishwa mkononi na Berting tu, na tangu msiba hakuonja kitu. Crisanto alihofia naye atakufa.

Hapa kwetu, ukitoka matangani usiende nyumbani moja kwa moja; pitia kwanza mahali pengine, marehemu asikufuate. Akajaribu duka la mikate.

"Mbwa haingii, bosi," muuzaji akamzuia mlangoni.

Akasimamisha jipni ya abiria. Dereva akacheka. "Wewe panda, kaka. Huyo mwenye mkia atembee!"

Mimi ningemvisha Suman kofia nikasema ni shangazi yangu, tena tunafanana. Crisanto alichoka tu, akatembea naye moja kwa moja hadi nyumbani.

Umeme ulikuwa umekatika. Akaweka sahani ya wali sakafuni, akaketi gizani. Kucha za Suman ziligonga sakafu, zikatulia. Kisha sahani ikakwanguliwa taratibu, na mbwa akasikika akitafuna.

Umeme uliporudi, sahani ilikuwa tupu. Suman alikuwa ameketi mbali nayo, mkia ukicheza, akilamba hewa kwenye kimo cha kiganja cha mtu aliyechuchumaa.