Marafiki wa Mheshimiwa

Bonareri alikuwa akipanga ndizi zake sokoni Macalder. "Nunua wewe, hizi hazina mifupa!" aliwatania wateja. Mara binti yake Bitutu akatokea, mimba ya miezi saba mbele, amelowa chapachapa.

"Mama, nimenyeshewa ndani ya wodi ya wazazi."

"Ndani?"

"Upepo umebeba mabati. Nesi anasema nitajifungulia Migori mjini."

Damu ikamchemka Bonareri. Kwa bodaboda, barabara ile, na uchungu! Wodi yenyewe haijamaliza mwaka. Mheshimiwa Oyaro, mwakilishi wao katika bunge la kaunti, aliifungua kwa keki.

Jirani yake Kuruthum, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akatoka nje.

"Mabati yale niliyaona, Mama Bitutu. Ukipiga chafya yanainama. Nani alijenga?"

"Okari kontrakta."

"Na Oyaro alisemaje kwenye harambee, wakati wa kampeni?"

"'Mimi na marafiki zangu tumewaletea kitu kidogo.' Okari amekaa kando yake kama bibi harusi!"

"Basi huyo ndiye rafiki. Alilipia kampeni, akalipwa kwa tenda ya wodi. Gharama yake akaifidia kwenye paa letu, kwa mabati ya bei rahisi."

"Yaani tulipigia wizi makofi? Hakuna sheria?"

"Ipo, tangu 2013. Inataka mgombea aseme nani anamfadhili. Lakini kanuni za kuitekeleza zimekwama bungeni. Wanaotakiwa kuzipitisha ndio wenye marafiki."

"Kumbe!"

"Lakini kuuliza hakujakatazwa. Hata serikali ya kaunti tuna haki ya kuiuliza jinsi wodi ilivyojengwa."

Jumapili Oyaro akaja kwenye mkutano wa chama cha akiba cha akina mama wa soko, bahasha ya pesa mkononi.

"Mama zangu, mimi na marafiki zangu..."

Bonareri akasimama. "Majina yao, Mheshimiwa."

"Ati?"

"Hao marafiki. Hata mbuzi wangu ana jina."

Akina mama wakaangua kicheko. Oyaro akajaribu kucheka nao.

"Mama, rafiki ni rafiki tu."

"Rafiki yako ameezeka wodi kwa karatasi! Binti yangu ananyeshewa, wewe unatuletea bahasha? Rudi nayo!"

Hakuna aliyepiga makofi. Oyaro akaondoka na bahasha yake.

Kesho yake akina mama wakaenda ofisi za kaunti, Kuruthum mbele. Waliambiwa warudi wiki ijayo. Wakarudi. Wakaambiwa tena, wakarudi tena, wamebeba uji na viti. Mwishowe mhandisi akatumwa. Alipanda juu ya wodi, akashuka, akaandika ripoti. Okari akaamriwa aezeke upya kwa pesa yake.

Sasa wagombea wa 2027 wameanza kupitapita. Chama cha akina mama kina sharti moja: kabla ya kushika maikrofoni, taja anayekulipia kampeni. Wawili waligeuza magari. Bonareri aliwapungia mkono vizuri sana.

Bitutu alijifungulia Macalder, mvua ikitwanga mabati mazito. Mtoto hakulowa, ila kwa maziwa ya mama yake.