Mwanamke Aliyefutwa kwenye Sarafu

Kisanduku cha kioo kilikuwa mahali pake, ofisini kwa kanisa la Kilutheri, Ihembe. Kufuli halikuguswa. Ndani zilibaki sarafu nne za fedha za Kirumi, zawadi ya mmisionari wa zamani. Ya tano haikuwepo.

Inspekta Ainebyona alikagua bawaba. Skrubu zilikuwa na mikwaruzo mipya.

"Mwizi wa mali angebeba zote," alisema. "Hiyo moja ilikuwa na picha gani?"

Mwinjilisti Lameck, mzee wa utani mwingi, alieleza. Upande mmoja, kichwa cha Kaisari. Upande wa pili, mwanamke mateka amekaa chini, silaha za vita zimetundikwa juu yake. Watoto wa Shule ya Jumapili humwita Therese, kwa sababu ya Therese wa hapa kijijini, yule mwanamke Mrundi aliyekalishwa chini sokoni, amefungwa kamba, akidaiwa kuiba mkungu wa ndizi. Baadaye ilijulikana hakuuiba.

Ainebyona alicheka kabla hajafikiri. Kisha akauliza Therese anaishi na nani.

Na mumewe, Bigirimana, kibarua, alijibu Lameck. Juzi alipaka vanishi mabenchi ya hapa hapa.

Walimkuta kwenye migomba yake, ananoa panga. Jiwe la kunolea lilikuwa na weupe unaong'aa ambao chuma hakiachi.

"Iko wapi?"

Bigirimana aliitoa mfukoni bila ubishi. Kaisari alikuwa mzima. Upande wa pili ulikuwa laini kama ukucha.

"Ulitaka kuiuza?"

"Kuirudisha."

"Mbona umeisugua?"

"Nilikuwa kwenye mabenchi, nikasikia watoto wanacheka. Wanainyooshea sarafu kidole, Therese huyo, amekaa chini. Mke wangu ni Mkatoliki, haingii mle. Hajui."

Inspekta alimgeukia Lameck. "Hilo jina watoto walilitoa wapi?"

Lameck alitazama viatu vyake. "Kwangu. Ulikuwa utani tu."

Bigirimana alinyoosha mikono ifungwe pingu. "Afande, mke wangu mwambie nimeiba. Usimwambie nimefuta nini."

Therese alitokea na ndoo ya maji kichwani. Ainebyona akamwambia kwamba mumewe ameiba sarafu ya kanisa. Hakulia. Aliitua ndoo, akapiga magoti mbele ya Lameck, kama wanawake wa huku wafanyavyo kwa wazee.

"Mwinjilisti, utusamehe. Tumekuletea aibu."

Ainebyona alifumba kiganja juu ya sarafu, akamsubiri mzee aseme kwamba kosa lilianzia kwake. Mzee hakusema.