Samli Kwenye Gurudumu la Bujiku

Miaka ile lami ya kwenda Iringa ilikuwa bado mpya, na pikipiki za Usangu zilihesabika kwa vidole. Bujiku alikuwa na moja. Alikuwa mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani na ng'ombe wake. Kila asubuhi alipeleka maziwa Igurusi huku akiimba, na watu waliposikia mlio wa pikipiki yake waliinjika chai. Siku hizi pikipiki zimejaa tele, lakini mlio ule umepotea.

Mwaka 1975 ilifika barua. Binti yao Shija, muuguzi aliyeishi Kihesa, Iringa, amejifungua salama. Nyamizi, mke wa Bujiku, alitaka asomewe mara tatu.

"Jumamosi tunakwenda," Bujiku akasema.

"Kwa pikipiki hiyo inayoyumba kama mlevi? Juzi ulibana breki ya mbele, haikushika. Tukaponea mtaroni!"

"Nimeshaitia samli, mama Shija. Kikombe kizima."

Hakuwa akitania. Ekseli ya mkokoteni wake wa ng'ombe aliipaka samli miaka yote, na mambo yalikwenda. Basi gurudumu la mbele la pikipiki lilipoanza kunguruma, akalitia samli vilevile.

"Mimi sipandi," Nyamizi akasema. "Nataka kumpakata mjukuu, si kuzikwa njiani."

Alhamisi waliikokota hadi kwa Andendekisye, fundi wa Kinyakyusa pale Igurusi. Fundi akaweka gogo chini ya injini, gurudumu likaelea. Akalishika juu na chini, akalitikisa. Kwa-kwa-kwa.

"Umesikia, ndugu Bujiku? Gurudumu zima halichezi hivi. Beringi, zile pete za gololi ndani yake, zimekufa."

Akafungua nati, akachomoa ekseli, akatoa gurudumu. Harufu ikatoka.

"Mwe! Leo humu kumepikwa pilau?"

Nyamizi alicheka hadi akakaa chini. Bujiku akanuna. "Mkokoteni haujawahi kulalamika."

"Mkokoteni unakwenda kwa mguu wa ng'ombe, mzee. Huku kuna mwendo kasi na joto lake. Samli imeyeyuka, ikaacha gololi kavu, ikaenda kulowesha breki shuu, hivi vipande vinavyobana gurudumu lisimame. Breki yenye mafuta haishiki. Hapa ni grisi ya beringi tu, tena isiguse breki."

Akagonga beringi kwa ndani, akizunguka pole pole, mpaka zikatoka zote mbili. Kati yake kulikuwa na bomba fupi. Akalifuta, akaliweka pembeni.

"Hili lisipotee. Bila hili, ukikaza nati, beringi zinabanwa na kufa upya." Kisha akampa Bujiku beringi moja. "Soma ubavuni."

"Sita, tatu, sifuri, mbili."

"Hiyo ndiyo beringi yako. Usinunue kwa kukadiria kwa macho. Leta mbili, na breki shuu mpya."

"Mbili za nini? Moja bado inazunguka."

"Zimezeeka pamoja. Ukibakiza moja, utarudi hapa. Kama utakuwa mzima."

Bujiku akadandia lori hadi Mbeya. Mwenye duka akamletea beringi inayofanana kabisa. Bujiku akasoma namba, akairudisha. "Siyo yangu." Alizunguka maduka matatu mpaka akazipata, na breki shuu.

Ijumaa fundi alifunga kila kitu. Kila beringi mpya aliigonga kwenye pete ya nje tu, kwa kipande cha bomba. "Ukigonga pete ya ndani, umeua gololi kabla ya safari." Upande uliofunikwa akautazamisha nje, kuzuia vumbi. Alipolizungusha, gurudumu halikutoa hata mnong'ono. Nyamizi mwenyewe akalitikisa, juu na chini.

"Hapo napanda," akasema.

Jumamosi walipita Makambako kwenye baridi, kisha misonobari karibu na Mafinga, inayonukia mbao mbichi. Kwenye mteremko, lori la magogo likasimama ghafla mbele yao. Bujiku akabana breki. Pikipiki ikasimama imenyooka, hatua tano nyuma ya magogo. Nyamizi akamfinya mumewe ubavuni.

Kihesa walifika jioni. Shija akatoka na mtoto, Nyamizi akampokea, akaanza kumwimbia papo hapo. Bujiku alikuwa bado uani, amechuchumaa, akilitikisa gurudumu juu na chini.

"Baba, huji kumwona mjukuu?"

"Nakuja, mwanangu. Nasikiliza kwanza. Siku ya Jumatatu tunarudi na mama yako."

Akanyoosha mikono ampokee mtoto. Shija akaitazama ile mikono, nyeusi kwa vumbi la gurudumu, akamwelekeza kwenye ndoo ya maji.

"Sabuni iko hapo, baba."