Maneno ya Baada ya Chupa

Joan alikutana na Niyokwizera siku ya gulio katika kambi ya wakimbizi wa Burundi, kati ya wauza dagaa na wauza ndizi, kipaza sauti kikiwa mdomoni.

"Dada, umesema mchezo mpya umefika," kijana mmoja alimwambia. "Humu ndani kila kitu kinafika. Sisi tu ndio hatufiki popote."

Joan alishusha kipaza sauti. Kijana alivaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa mpaka kola ikasimama, na ndala zilizoshonwa kwa waya. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, sauti ya mtu asiye na haraka kwa sababu hana pa kwenda.

"Unajua kusoma?"

"Nafundisha darasa la nne hapa kambini mwaka wa sita huu. Nalipwa sabuni."

"Basi soma karatasi hii ya mchezo."

Akasoma. Muuza dagaa akaacha kupima, akasikiliza.

Hiyo ilikuwa 2004. Waliokuwa wakiandika taarifa maofisini wameshasahau mwaka ule. Joan hajasahau hata rangi ya vifungo vya shati.

Kikundi chake kiliitwa Njiapanda Sanaa: chumba kimoja nyuma ya gereji pale Lusahunga, kuta zimefunikwa magodoro kuzuia ngurumo za malori. Mwenye kikundi, ambaye pia ndiye fundi wa sauti, alikuwa Telesfori. Walikuwa na michezo ya jukwaani ya kupeleka magulio ya Nemba na Kaniha, na mchezo wa kaseti uitwao Pande Mbili, wa mume na mke waliotenganishwa na mto. Madereva waliununua, wakausikiliza hadi mpakani Rusumo.

Niyo, kama walivyomfupisha kijana yule, akapewa sehemu ya mume. Lakini mkimbizi hakuruhusiwa kuvuka kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Aliomba kibali mara tano, na mara zote tano akaambiwa arudi Jumatatu. Kwa hiyo walirekodi hivi: Joan alisoma sehemu yake Lusahunga, akiacha kimya cha kutosha jibu la mumewe. Dereva akaipeleka kaseti kambini, Niyo akaisikiliza na kusoma majibu yake kwenye kaseti ya pili, zote mbili zikarudi, Telesfori akaunganisha. Mwisho wa kila onyesho chupa ya soda iligongwa kwa kijiko. Kilichofuata baada ya chupa, kiwe kikohozi au jogoo, Telesfori alikifuta, maana kaseti zilikuwa chache na zilirudiwa mpaka zinachuja.

Mapenzi yenyewe yalikulia kwenye simu ya Bonifasia, mama aliyekodisha simu sokoni kambini na kusikiliza kila neno.

"Umekula?" Joan angeuliza.

"Unga wa njano na maharage."

"Tena?"

"Na kesho. Mukunzi, juzi kwenye kaseti ulivuta pumzi kabla ya kunitaja jina." Mukunzi ni mpenzi kwa Kirundi, alikuwa amemfundisha wiki ya kwanza. "Nimerudisha nyuma mara nne nisikie tu ile pumzi."

"Ilikuwa mafua."

"Basi usipone."

"Bonifasia, unasikia upuuzi wa mtu huyu?"

"Nasikia, mwanangu," sauti ya Bonifasia ilijibu kwa mbali. "Na vocha inaisha."

Mwaka uliofuata magari meupe ya mashirika ya misaada yakaleta madaftari ya kuandikisha wanaorudi Burundi. Ofisi iliyoyaleta ikataka mchezo wa jukwaani wa kuhimiza watu, uitwe Nyumbani ni Nyumbani. Kurudi, walisema, ni kwa hiari.

"Hiari gani?" Joan alifoka. "Mgao wamekata nusu, gulio wamefunga. Ukimchomea mtu nyumba, naye akatoka nje, utasema ametoka kwa hiari?"

"Kinasa sauti kinakula betri," Telesfori alisema. "Hakili hasira zako."

Joan akakubali, na hilo hajajisamehe. Jukwaa lilikuwa mgongo wa lori. Amevaa kitenge cha bluu na kilemba, akasema maneno aliyoandikiwa, mbele ya umati uliokaa vumbini: "Mume wangu, nenda kaandike jina. Usikae hapa kwa ajili yangu." Aliliona shati jeupe mstari wa nyuma. Mchezo ulipoisha, halikuwepo.

Akapiga simu siku hiyo, kesho yake na keshokutwa. "Hataki kuja," Bonifasia alisema. "Na mimi hajanieleza, ujue ni makubwa."

Wiki ya tatu, Telesfori akasema huku akitafuna ndizi: "Huyo kijana wako alikuwa ameanza kujisahau. Kabla ya ule mchezo wa lori, kaseti yake ilikuja na maneno mengi baada ya chupa."

Joan akaacha kula. "Maneno gani?"

"Sikusikiliza. Jina lako, halafu kitu cha kuandika. Nikafuta. Si ndivyo tunavyofanya?"

Joan alitoka na simu hadi nyuma ya gereji. "Bonifasia, mwite. Mwambie hili si la mapenzi, ni la kazi."

Niyo alipopokea hakusalimu.

"Uliniuliza nini baada ya chupa?" Joan akasema.

"Unanicheka?"

"Telesfori alifuta. Sikusikia hata neno."

Upande wa pili kuku akalia, mtoto akakemewa. Kisha Niyo akasema polepole: "Niliuliza niandike jina au nibaki. Nikasema, kama unanitaka, tamka neno moja tu baada ya chupa, mahali ambapo si mchezo. Kaseti yako ikaja. Nikaisikiliza mpaka upande ukaisha. Kimya. Halafu ukaja mwenyewe, ukapanda lori, ukanijibu mbele ya watu wote."

"Yale niliandikiwa, Niyo. Kwa nini hukuuliza kwenye simu?"

"Mbele ya Bonifasia? Kambi nzima ingeniposea."

"Ningenyamaza," Bonifasia akasema.

"Msafara ni kesho asubuhi," Niyo akasema, na simu ikakatika.

Joan alidandia lori la saruji alfajiri. Alipofika kambini malori ya msafara yalikuwa yamejaa magodoro, masufuria na mbuzi waliofungwa miguu. Akamwendea karani. "Huyu Niyokwizera, mfute jina."

"Kadi yake ya chakula imeshatobolewa, dada. Akibaki, hapa si wa kwetu tena."

Akalitafuta shati jeupe lori kwa lori. Akaliona. Alitoa chupa ya soda na kijiko kwenye mkoba, akagonga.

"Baki," akasema.

Niyo alicheka, kisha akajifuta uso kwa kiganja. "Umechelewa wiki tatu."

"Mlaumu fundi."

"Sikiliza, mukunzi. Miaka tisa nimekuwa mtu wa kilomita nne. Nikivuka mpaka wa Kobero nakuwa Mrundi mwenye karatasi. Naweza kugeuka nikapanda basi mpaka Lusahunga, kama mwuza viazi yeyote."

"Yaani lazima wakuondoe ndipo waruhusu uje?"

"Ndiyo."

"Hiyo si akili."

"Si akili. Ni sheria."

Lori likaondoka. Joan alisimama pale mpaka vumbi likatua kwenye kilemba chake.

Tangu siku hiyo alikataa kucheza Nyumbani ni Nyumbani. Magari meupe yakatafuta kikundi kingine, Telesfori akanuna mwezi mzima. Kwenye Pande Mbili akataka kuweka sauti nyingine ya mume. Joan akakataa hilo pia.

"Basi utasoma na nani?"

"Nitamwachia nafasi yake."

Novemba, mvua ikipiga bati, walirekodi onyesho la mwisho. Telesfori alikaa na kijiko mkononi. Joan akasoma: "Umevuka mto wote huu, umefuata nini?"

Akanyamaza, akihesabu moyoni, kama alivyozoea.

"Nimefuata mke," sauti nzito ikajibu kutoka mlangoni. "Kama kwao watanipokea na shati lenye tope."

Kwenye karatasi jibu lilikuwa jingine. Shati lilikuwa limelowa hadi kiunoni, na mfukoni ilichungulia karatasi ya mpakani yenye muhuri, wino umeanza kuvuja. Mkono wa Telesfori ukaenda kwenye chupa wenyewe, kwa mazoea.

"Usigonge," Joan akamwambia, bila kugeuka kumtazama.

Telesfori akakirudisha kijiko mezani. Kaseti ikaendelea kuzunguka.