Grisi Kwenye Kopo la Klorini

Asubuhi katika nyumba ya Dobi huanza na maji. Maji yanachemka jikoni, maji yanajazwa kwenye mabeseni, maji yanachuruzika kutoka kwenye shuka zilizoanikwa uani. Dobi ni mwanamke mrefu, mwenye mikono ya kazi na mdomo usiopumzika. Yeye na mume wake hufua shuka za nyumba ya wageni na makoti ya wauguzi. Ni nguo nyeupe tupu. Doa moja likibaki, mzigo mzima unarudishwa.

Kwa hiyo stoo yao haikukosa klorini ya unga. Kidogo tu kwenye ndoo kubwa ya maji, na shuka iliyofubaa inatakata. Dobi aliipenda sana klorini yake. Kuiogopa? Wala hakuwahi kufikiria.

Mume wake alikuwa fundi baiskeli kabla ya kuingia katika ufuaji. Watu walimwita Grisi, na jina likamganda. Mlango ukilia, anaupaka grisi. Kufuli ikigoma, grisi. Gurudumu la mkokoteni wa nguo likikwama, grisi.

"Ipo siku utaipaka kwenye mkate," Dobi alimtania.

"Mkate ukipiga kelele nitaupaka," Grisi alijibu.

Mama yake Grisi aliishi nao. Miguu ilikuwa imemchoka, na alitembea kwa kushika ukuta. Chumba chake kilipakana na stoo. Ili afike uani, ilimbidi apite mbele ya mlango wa stoo. Jambo hilo halikumsumbua mtu yeyote.

Siku moja Dobi alitoka stoo amenuna. Ndoo ya plastiki iliyokuja na klorini ilikuwa imepasuka zamani, nao wakaihamishia dawa kwenye kopo la bati. Sasa kopo lilikuwa limeshika kutu.

"Mfuniko umegoma tena! Nimevunja kucha," alisema.

"Niachie mimi, mke wangu. Kucha zako nitaziokoa."

Grisi alifungua kopo kwa koleo. Akakwangua kutu. Kisha akachota grisi kwa vidole viwili, akapaka ukingo wote wa kopo, na mfuniko ndani na nje. Kwa vidole vilevile akashindilia unga uliokuwa umefura juu. Akafunga, akakaza kwa nguvu. Alimpenda mke wake, na alifanya kazi hiyo kwa moyo mweupe.

Jua lilipanda. Bati la paa la stoo likapata moto. Mama alikuwa amekunywa chai yake na kwenda kujinyoosha chumbani. Grisi alikuwa anakamua shuka. Dobi alikuwa anaanika, vibanio mkononi, aliposikia sauti.

Ssss.

Alidhani ni birika. Lakini birika lilikuwa limeshaepuliwa. Sauti ilitoka stoo. Pamoja nayo ikaja harufu ya klorini, kali kuliko siku zote, iliyomchoma puani na kumtoa machozi.

"Mume wangu," aliita. "Njoo usikie."

Grisi hakuwahi kufika. Kopo lilipiga mshindo, mfuniko ukagonga paa, na mwanga mkali ukaonekana mlangoni. Moshi ulitoka kwa fujo. Shuka zilizokunjwa stoo zikashika moto papo hapo.

Dobi alisimama kama mti. Vibanio vilimdondoka. Kisha akakumbuka.

"Mama! Mama yuko ndani!"

Grisi alishanyakua taulo lililolowa. "Nalifunika kopo, nalitoa nje!"

"Shemeji, usiliguse! Rudi!"

Aliyepiga kelele ni jirani yao, dada anayefanya kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji ya mji. Alikuwa ameruka uzio, kiatu kimoja kimebaki upande wa pili. Alimshika Grisi shati, akamvuta.

"Niache! Mama yangu yumo!"

"Moshi ule ni sumu. Ukipita mlangoni utaanguka, na tutakuwa na watu wawili wa kuokoa. Chumba chake kina dirisha?"

"Kwa nyuma," alisema Dobi.

"Upepo unapeleka moshi barabarani. Nyuma bado kuna hewa safi. Twende!"

Walikimbia kuzunguka nyumba. Dirisha lilikuwa na wavu wa mbu uliopigiliwa misumari. Grisi alitoa koleo mfukoni, akauchana; likamponyoka mara mbili. Ndani, Mama alikuwa ameketi kitandani akikohoa. Ukungu wa rangi ya kijani-manjano iliyofifia ulikuwa unaingia chini ya mlango.

"Mama, njoo dirishani!" Dobi alilia.

"Nani amepika kitu gani humu?" Mama aliuliza kwa sauti iliyokauka. "Ngoja nitafute kitambaa changu cha kichwa."

"Achana na kitambaa, Mama! Njoo hivyo hivyo!"

Mama alijaribu kusimama, akayumba, akakaa tena. Dobi alimwona mama mkwe wake, mtu aliyemfundisha kupika na kumtetea kwa ndugu wa mume, akinyoosha mkono kwenye ukuta na kuukosa. Aliogopa kiasi cha kutaka kufumba macho. Hakufumba.

"Shika meza, Mama. Hapo. Sasa kiti. Nitazame mimi tu."

Mama aliishika meza. Akashika kiti. Akafika. Grisi alimkamata kwapani, Dobi akamkamata kiunoni, wakamtoa wote pamoja na kuangukia nyasi.

"Msikae hapa. Mbali zaidi, upande unakotoka upepo," alisema jirani. Simu ilikuwa sikioni mwake. "Zimamoto? Ni klorini ya unga inayowaka, ndani ya stoo yenye nguo. Ndiyo, klorini. Njooni na maji mengi."

Majirani walikuja na mchanga na ndoo. Dada yule wa mtambo wa maji aliwazuia wote.

Zimamoto walikuja wamevaa vinyago vya hewa. Walipiga maji mengi kutoka mbali. Stoo iliungua yote, pamoja na shuka za wageni. Chumba cha Mama kilibaki na ukuta mweusi. Mama alipelekwa hospitali akiwa amelazwa kiti cha nyuma cha gari, akikohoa, mkono wake ndani ya mkono wa Dobi. Grisi alikaa mbele. Hakugeuka hata mara moja.

Hospitalini walimwekea Mama hewa puani. Daktari alisema abaki aangaliwe mapafu, kwa sababu gesi ile inaweza kuleta shida baadaye hata mtu akijiona mzima. Dobi, Grisi na jirani walisubiri kwenye benchi.

"Ni mimi," Grisi alisema. "Lakini sijui nimefanya nini. Sikuwasha hata kiberiti."

"Uliweka nini humo?" jirani aliuliza.

"Grisi tu. Kwenye mfuniko."

Jirani alishusha pumzi. "Shemeji, klorini ya unga haihitaji kiberiti. Ni kemikali inayoitwa kioksidishaji. Maana yake inabeba oksijeni yake yenyewe, ile hewa inayolisha moto. Ikikutana na mafuta, grisi, petroli, hata vumbi la mbao, inapata joto polepole, kisha inawaka."

"Ndiyo maana ulikataa mchanga?" Dobi aliuliza.

"Ndiyo. Ukiufunika moto wake, bado una hewa ya ndani. Na taulo bichi, lenye maji machache, lingezidisha gesi. Sisi raia tunakimbia, tunawaita wenye vifaa, tunawaambia ni kitu gani kinachoungua."

"Na mimi huwa naichanganya na dawa ya choo," Dobi alisema kwa sauti ndogo. "Ili ikate madoa."

Jirani alimgeukia haraka. "Usirudie, dada yangu. Ile ni asidi. Ukizichanganya, gesi ileile inatoka hapo kwenye beseni, usoni kwako."

Dobi alijishika shingo. Alikumbuka mara zote alizokohoa akidhani ni mafua.

Mama alirudi nyumbani baada ya siku chache. Stoo mpya ilijengwa pembeni ya uwanja, mbali na vyumba, yenye matundu ya hewa na paa lililo kivulini. Ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni hukaa klorini peke yake, katika ndoo yake ya plastiki yenye maandishi na alama ya moto juu ya duara. Nguo, sabuni na mafuta ya taa havikai hapo. Kijiko chake ni kikavu na hakifanyi kazi nyingine. Dobi huvaa glavu na miwani, hujaza maji kwanza, kisha hutia unga ndani ya maji. Haumwagii unga maji kamwe. Ikiruka machoni, wanajua kuosha kwa maji safi robo saa au zaidi, kisha hospitali.

Lakini Grisi hakutaka kuigusa. Kila ilipofunguliwa, alienda upande wa pili wa uwanja. Na kila mara alimwambia mama yake akae ndani.

Ikatokea siku moja Dobi akamwaga unga kidogo kwenye saruji. Mkono wake ulikuwa na kidonda, glavu haikuingia vizuri. Alimtazama mume wake.

"Nisaidie," alisema.

Grisi alisita. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha sawasawa, akavaa glavu na miwani. Alifagia unga kwa brashi safi na kavu. Hakuurudisha kwenye ndoo, wala hakuutupa kwenye takataka. Aliutia kidogo kidogo kwenye beseni kubwa lililojaa maji, mpaka ukaisha.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu, akimwangalia.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, Mama."

"Basi niletee kiti changu hapo mlipo. Nimechoka kukaa mbali na wewe."